Njegere Moja Kila Usiku

Magonjwa mengi yana adabu. Mtu anaweza kuwa na presha, kisukari, hata bawasiri, akapanda daladala kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, akabanwa mbele na nyuma, akashuka bila abiria yeyote kujua anaumwa nini. Chunusi hazina adabu hiyo. Zinakutangulia ofisini, zinasalimiwa kabla yako, na mtu ambaye hamjawahi kuzungumza lolote zaidi ya "mambo" na "poa" anakunyooshea kidole shavuni: "Hii ya leo mpya, eh?"

Mimi zilinikuta nimeshavuka thelathini, umri ambao mtu anatarajia kuanza kupewa shikamoo. Shuleni, wenzangu walipokuwa wakihangaika na vipele, uso wangu ulikuwa laini na sikuwaonea huruma hata kidogo. Sasa deni limekuja na riba. Zilianza mbili tatu kidevuni, zikahamia mashavuni, zikapanda paji la uso, na kila iliyoondoka iliacha doa jeusi la kumbukumbu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba uso si mali ya mwenye nao. Una kamati, na kamati hiyo haikuchaguliwa na mtu. Ofisini kwetu kila mhasibu ana shahada ya pili ya chunusi. Dada wa mapokezi aliniandikia manjano na asali. Dereva akasema dawa ya meno, ila iwe ile nyeupe tupu, isiyo na mistari. Mlinzi wa getini akanivuta pembeni, akaninong'oneza habari za mate ya asubuhi, yapakwe kabla ya kupiga mswaki, "lakini yawe yako mwenyewe," akasisitiza, nisije nikaenda kuazima. Mama anayetuletea chakula akazilaumu karanga, akaacha kuniwekea kachumbari kwa sababu ambayo mpaka leo hajaieleza. Mkuu wa idara alisikiliza wote, akasaini hati ya malipo niliyompelekea, akanirudishia bila kuinua kichwa. "Hiyo ni damu chafu," alisema. "Oa."

Karanga, kwa taarifa ya yule mama, zimesingiziwa miaka mingi. Wataalamu wanaochunguza chakula na chunusi wamekuwa wakivitazama kwa jicho baya vyakula vinavyopandisha sukari mwilini kwa haraka, na hapo soda yangu ya kila mchana ina kesi ya kujibu kuliko karanga yoyote. Lakini soda ilikuwa inauzwa na mama huyo huyo, kwa hiyo haikutajwa.

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alinimulika kwa taa, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto, akaandika cheti. Krimu ya tretinoini, asilimia 0.025. Akaniambia ni ya ukoo wa vitamini A. Ndani ya kila kitundu cha nywele, akasema, kuna seli zinazopaswa kufa na kutoka nje kila moja kwa wakati wake. Kwa mtu wa chunusi zinagandamana na mafuta, zinaziba mlango, na bakteria waliokuwa wanaishi humo kwa amani wanapata karamu. Krimu hii inazifanya seli zisigandamane na inaharakisha zitoke.

"Utapaka usiku tu. Kiasi cha punje ya njegere, uso mzima. Usikaribie macho, wala pembe za pua, wala pembe za mdomo. Uso uwe mkavu kabisa. Mchana jikinge na jua. Na kwanza zitazidi."

"Zitazidi?"

"Zile zilizokuwa zinajiandaa chini zitatoka zote kwa pamoja. Na ngozi itatoka magamba. Baada ya wiki 8 mpaka 12 utaanza kuona tofauti."

"Kwa hiyo, Daktari, nalipa ili zizidi?"

"Unalipa ili ziishe," akasema. "Kuzidi ni bure."

Tatizo la kwanza lilikuwa hiyo njegere. Mimi nimelelewa Muheza na mama aliyekuwa akitupaka mafuta ya mgando kabla ya kwenda madrasa mpaka nzi akitua anateleza. Kwetu mafuta yalichotwa kwa vidole viwili, yakafikichwa viganjani, yakapakwa kuanzia utosini mpaka unyayoni, na mtoto aliyetoka nyumbani hang'ai aliitia familia aibu. Sasa mtu mzima, mwenye paji hili nililorithi kwa babu, naambiwa nipake njegere. Unaweka nukta paji la uso, nukta kila shavu, nukta kidevuni, kisha unasambaza. Mimi njegere iliniishia nikiwa bado sijavuka pua. Nikakaa nikitazama kidole kilichobaki kikavu, nikijisikia nimepunjwa na kipimo.

Tatizo la pili ni hali ya hewa. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inataka usubiri dakika 20 mpaka 30 baada ya kunawa, maana ngozi yenye maji huinywa dawa kupita kiasi ikawasha. Aliyeandika maelezo hayo hajawahi kulala Mwananyamala mwezi wa Februari. Nilikuwa nanawa saa tatu usiku, nikifuta kwa taulo safi, nikikaa kifua wazi mbele ya feni. Dakika ishirini zikiisha, maji ya bomba yameshakauka na jasho limeshapokea zamu. Nafuta, naanza upya. Umeme ukikatika, ndiyo basi. Unakaa gizani ukijipepea kwa kava la faili la kodi, uso ukizidi kulowa, na jirani anagonga mlango kuuliza kama una mshumaa, anakukuta uko tumbo wazi, kimya, unautazama ukuta. Kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, habari ya namna hiyo haikeshi.

Tena boksi lilisema dawa ihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Chumbani kwangu nyuzi 25 ni hadithi za watu wa Lushoto. Sehemu pekee yenye sifa hiyo ilikuwa friji, nami nikaiweka humo, mlangoni, kati ya nyanya ya kopo na mfuko wa dagaa. Ikumbukeni friji hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Daktari hakuwa ameongopa. Wiki za mwanzo zilitoka zilizokuwepo, zikatoka na nyingine ambazo nadhani zilikuwa za watu wengine. Halafu ngozi ikaanza kubanduka. Kuzunguka mdomo na pembeni mwa pua ilikuwa ikinyanyuka nyepesi na kavu, ganda la kitunguu saumu kabisa, na ukilivuta linakuja na sehemu ambayo haikuwa tayari kuondoka. Pembe za mdomo zilipasuka. Ilibidi nijifunze kucheka kwa pua. Nilikwenda kula urojo Upanga na rafiki zangu, kijiko cha kwanza chenye ukwaju, ndimu na pilipili kikagusa pembe ya mdomo, machozi yakanitoka hadharani, na muuzaji, maskini, akadhani ni sifa kwa mapishi yake. Akaniongezea.

Kazini tulikuwa na wakaguzi wa hesabu. Kipande cha kidevu changu kilidondoka juu ya kikokotoo cheusi cha mkaguzi mkuu, katikati ya kitufe cha saba na cha nane, wakati namweleza kuhusu mapato yaliyocheleweshwa. Alikitazama. Akanitazama mimi. Akakipuliza taratibu, akaendelea kujumlisha. Sijawahi kukaguliwa kwa heshima kiasi hicho.

Halafu jua. Krimu hii inaifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo nikanunua mafuta ya kukinga jua, na hapo nikajifunza kwamba mengi yanayouzwa madukani hayakutengenezwa yakimfikiria mtu wa Muheza. Ile oksidi ya zinki iliyomo ndani haizami. Inabaki juu ya ngozi nyeusi na rangi yake ya kijivu chenye samawati. Nilitoka nyumbani asubuhi, konda wa daladala akanitazama mara moja tu. "Mzee wa chokaa, sogea nyuma kidogo!" Jina likashika. Kwa wiki nzima nilikuwa naitwa hivyo kituoni, na watoto wa shule wakalipokea kwa furaha kubwa.

Nikaongeza mwavuli. Mwavuli pekee nyumbani ulikuwa wa dada yangu, wa pinki, wenye maua na ukingo wa nakshi. Mwanamume akitembea Barabara ya Samora saa saba mchana, anga jeupe, mwavuli wa maua juu, uso wa kijivu chini, hata machinga wanaacha kumfuata. Hiyo peke yake ni faida, na niliiandika kwenye upande wake wa daftari.

Nitasema hili moja kwa uzito, kisha turudi kwenye vichekesho. Wapo Watanzania ambao mafuta haya ya jua kwao si urembo. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwepo tangu 1992, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua letu huleta saratani ya ngozi mapema mno. Nilipojua hivyo niliacha kunung'unika kuhusu konda. Kwa siku mbili tatu hivi.

Mkasa wa saluni sikuutafuta. Daktari alinikataza spiriti, limau na skrabu, nami nilikwenda kwa kinyozi wangu Sinza nikiwa na nia ya kumwambia yote hayo. Lakini Jumamosi jioni ile redio ilikuwa juu, Simba wanacheza ugenini, benchi limejaa, na kinyozi anachonga ndevu huku sikio lake moja likiwa uwanjani. Mashine ikapita, kiwembe kikaweka mstari. Nikafungua mdomo kusema, "Usi..." Pamba iliyolowa spiriti ilikuwa imeshatua.

Siwezi kuieleza sauti iliyonitoka. Najua tu kwamba benchi zima lilisimama na kushangilia, wakiamini ni bao na kwamba mimi nimelisikia kabla yao. Mzee mmoja akamkumbatia aliyekuwa jirani yake. Ilipojulikana kuwa hakuna bao, kuna mtu tu anaungua kidevu, walinitazama kwa uchungu wa kweli, ule wa mtu aliyeporwa pointi tatu.

"Bosi, pole," kinyozi akasema, akinipepea kwa gazeti. "Lakini uso wako huu una shida. Ngoja dada akufanyie skrabu, zitoke hizi takataka."

Dada wa skrabu alikuwa ameshavaa glovu. Nilitoka pale na shuka ya kunyolea bado iko shingoni, na hela nikaipeleka kesho yake pamoja na shuka.

Basi katika hali hiyo, uso una magamba, kidevu kimeungua kwa mstari ulionyooka vizuri sana, mama akaja kutoka Muheza na gunia la machungwa.

Mama yangu si mtu wa kupayuka. Alipokea shikamoo, akaniangalia, akasema marahaba kwa sauti ya chini kuliko kawaida, akaingia jikoni. Siku hiyo tulikula kimya. Usiku alinisikia nikinawa, akaniona nikikaa mbele ya feni, akaniona nikiendea friji, nikitoa kitu kidogo, nikirudi nacho chumbani na kufunga mlango. Asubuhi akaniona nikijipaka mafuta ya kijivu na kuchukua mwavuli. Nilipokuwa kazini aliifungua friji, akalitoa boksi, akalipeleka kwa binti wa jirani anayesomea uuguzi ili amsomee. Binti akasoma: ipakwe usiku, ngozi inaweza kubadilika rangi kwa muda, epuka jua.

Dar es Salaam hii, dawa inayopakwa usiku kwa siri, inayobandua ngozi, inayomfanya mtu alikimbie jua kwa mwavuli, ina jina moja tu. Niliporudi nilimkuta amekaa sebuleni, kanga begani, tyubu iko mezani mbele yake. Pembeni ya tyubu kulikuwa na simu iliyowekwa spika, na ndani ya simu alikuwemo baba mdogo.

"Mwanangu," mama akaanza, "baba yako alikuwa mweusi. Amekufa mweusi. Na watu walimpenda."

"Mama, sijichubui."

"Mwanamume mzima na mkorogo!" simu ikasema.

"Baba mdogo, shikamoo. Si mkorogo, ni dawa ya chunusi."

"Marahaba. Chunusi zenyewe mbona zimezidi?"

Hilo ni swali gumu kulijibu mbele ya watu wazima. Nikajaribu kueleza kwamba zinazidi ili ziishe, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia muuza dawa wa stendi. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wangu wa mwisho, anayeishi kwangu akisubiri chuo. Uso umevimba, mashavu yameiva, magamba yamemjaa kuanzia paji mpaka shingoni.

Ikajulikana yote. Juzi yake alikuwa na miadi na binti fulani Kigamboni. Alikuwa ameona kuna krimu braza anaificha kwenye friji, akapiga hesabu zake kwamba kitu cha kufichwa namna hiyo lazima kiwe kizuri, akachota kwa vidole viwili kama tulivyolelewa, akajipaka asubuhi uso na shingo, akapanda bodaboda mpaka kivukoni, akavuka bahari kifua mbele jua likimwaka usoni. Siku ya miadi alipendeza. Yaliyofuata ndiyo hayo tuliyokuwa tunayatazama.

Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akaichukua simu. "Wote wawili," akamwambia baba mdogo, akaikata.

Usiku ule nilikaa mbele ya feni na simu yangu nikitafuta ushahidi wa kumshinda mama. Nilichotaka ni historia safi ya dawa yangu, yenye maprofesa na makoti meupe. Nikaipata. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 1969 matokeo yao ya kutibu chunusi kwa asidi hii ya vitamini A. Mwaka 1971 ikaruhusiwa kuuzwa kwao. Baadaye watumiaji wa umri mkubwa wakaanza kusema kuwa mikunjo yao imelainika, na dawa ya vijana ikaingia kwenye makabati ya bibi zao. Vizuri. Nikaendelea kusoma, na ningeishia hapo ningelala vizuri zaidi.

Maana mwaka 1975 Kligman huyo huyo, pamoja na mwenzake, alichapisha mchanganyiko wa kung'arisha ngozi: tretinoini, haidrokwinoni, na dawa ya jamii ya steroidi. Haidrokwinoni ndiyo iliyopigwa marufuku katika vipodozi hapa kwetu, sambamba na zebaki, kwa sababu ya mkorogo. Madaktari wa ngozi bado wanautumia mchanganyiko wa aina hiyo kwa uangalifu kutibu madoa, lakini jaribu kumweleza mama tofauti iliyopo. Mwenye dawa yangu alikuwa amekoroga. Mama hakuwa amekosea ukoo. Alikosea tyubu tu.

Na mbele kidogo nikakuta lingine, ambalo halina kichekesho. Sehemu ya majaribio ya Kligman, ikiwemo ya dawa hii, ilifanyika kwenye gereza la Holmesburg, Philadelphia, ambako kuanzia 1951 mpaka 1974 wafungwa, wengi wao watu weusi, walipakwa na kuchomwa sindano za kila aina kwa malipo madogo, wengi wakiwa hawaelewi wanachofanyiwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipoingia humo mara ya kwanza alichokiona mbele yake kilikuwa ekari na ekari za ngozi. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021; Kligman alikuwa amefariki tangu 2010. Nilizima simu. Feni ikaendelea kuzunguka. Nililalamika mwezi mzima kwa ajili ya magamba niliyoyanunua kwa hiari yangu, na cheti mkononi.

Kesho yake nilimpigia daktari, nikampa mama simu. Walizungumza muda mrefu, nilimsikia mama akisema "ehe" na "kumbe" na mara moja "huyo mdogo ndiye hana akili." Mwisho aliuliza swali lililokuwa linamkaba tangu alipofika: "Rangi yake itarudi?" Sijui alijibiwa kwa maneno gani, ila najua madoa ndiyo yanayofifia na mtu anabaki alivyozaliwa. Mama alinirudishia simu, akafuta macho kwa ncha ya kanga, na kuanzia siku hiyo akawa muuguzi wangu mkuu.

Ningependa kusema hiyo ilikuwa nafuu. Alirudi Muheza, lakini kila usiku baada ya taarifa ya habari alipiga simu. "Umenawa? Umekauka? Umepaka njegere?" Nikijibu ndiyo, ananyamaza kidogo, kisha anapunguza sauti ili daktari asisikie kutoka huko aliko. "Lakini njegere moja haimtoshi mtu wa paji lako. Weka mbili." Mdogo wangu, aliyekuwa akilala na losheni ya mtoto mchanga usoni kwa agizo la daktari, alikuwa akijigeuza kitandani kuelekea ukutani kila akisikia neno njegere.

Magamba yakapungua. Mapya yakaacha kutoka, ya zamani yakaanza kulegea, na siku moja ofisini nikapita mapokezi bila kuulizwa lolote. Nilirudi nyuma nikapita tena kuhakikisha. Kamati ilikuwa imekosa ajenda.

Ndipo mwenzangu wa kitengo cha mishahara akanijia mezani, akavuta kiti. Amekuwa akinitazama, akasema, na angependa kujua napaka nini, ikiwezekana nimgawie kidogo ajaribu. Mimi nilikuwa nimeisoma karatasi ile ya ndani ya boksi mpaka naijua kwa moyo. Dawa za ukoo huu hazipewi mama mjamzito; zile za kumeza za ndugu yake, isotretinoini, huweza kumharibu mtoto vibaya tumboni, na hata hizi za kupaka madaktari hawataki zitumike. Sikutaka kubeba dhamana hiyo. Nikamuuliza, kwa upole na kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu:

"Samahani dada, una ujauzito?"

Kuna ukimya ambao ofisi yenye watu kumi na feni mbili haiwezi kuupata ila kwa swali la aina hiyo. Mashine ya kutoa nakala ilisimama. Yeye aliinuka, akarudisha kiti mahali pake, akaondoka bila neno. Kufikia saa ya chakula habari ilikuwa imeshakamilika, na haikuwa habari ya krimu. Kwa nini niulize, watu walijiuliza, kama sina sababu ya kutaka kujua? Yule mama wa chakula aliniwekea kachumbari maradufu, na macho yake yalinipa pole ya baba mtarajiwa.

Mchana mkuu wa idara akaniita, akafunga mlango mwenyewe.

"Mimi nilikwambia uoe," alisema. "Sikukwambia uanzie huku."

Nilimletea tyubu na karatasi yake kesho yake, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Alisoma yote, mbele na nyuma, akavua miwani. Akaniuliza kama inapunguza mikunjo. Sasa tunanunua pamoja, yeye kwa cheti chake, na yule dada wa mishahara ameshanisamehe kwa masharti ambayo yanahusu soda.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Tanga. Nilijiandaa. Nilijua mama ameshatangaza habari zote, na kwamba mama mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kudumu wa kamati zote za ukoo wetu, atataka kukagua. Kweli, kabla sijapewa hata maji, aliniita alipokaa na wanawake wenzake. Nikainama, nikampa shikamoo. Alinishika masikio yote mawili, akanisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaupitia uso mzima kipande kwa kipande, akapitisha kidole gumba shavuni, akawageukia wenzake na kutikisa kichwa kwa kukubali. Wanawake wakashusha pumzi. Mama, pembeni, alikuwa anang'aa kwa ushindi.

Halafu mama mkubwa, bila kuyaachia masikio, akaninamisha zaidi, akanitazama katikati ya kichwa.

"Na hii dawa," akauliza, "utosini haipakwi?"